Geji haihesabu hewa

Kila msimu wa kaskazi ukianza, bahari ikatulia na boti zikaanza kushuka maji kila asubuhi, malalamiko hunijia yale yale. Kiongozi wa wazamiaji anafika alfajiri, anafungua vali ya mtungi, anatazama geji, halafu ananigeukia. "Kaka, mitungi hii hukuijaza. Tuliagana presha ya bar 200, na hii hapa 185." Mwengine hushikilia kwamba mtungi unavuja. Jibu langu ni moja kwa wote: hewa yako yote imo ndani, haikutoka hata pumzi moja. Kilichotoka ni joto.

Kazi yangu ni kujaza mitungi ya wazamiaji huku Bamburi, pwani ya Mombasa. Kutwa nzima naishi na kompresa, vali na geji, na kwa hivyo jambo hili limenikaa moyoni kuliko watu wengi. Madereva, akina mama jikoni, hata vijana waliotoka shule juzi na kanuni za gesi wamezihifadhi, wote naona wakiisoma geji kama kwamba inahesabu hewa. Geji haihesabu hewa. Inapima vile hewa inavyosukuma kuta za chombo, basi. Na namna hewa inavyosukuma hutegemea mambo matatu: imo kiasi gani, imepewa nafasi gani, na ina joto gani. Ukisoma namba bila kuuliza habari ya yale mengine, utadanganyika, na katika kazi yangu kudanganyika namna hiyo kunaweza kuua mtu.

Tuanze na huo mtungi wa 185. Hewa ikibanwa hupata moto. Ukishapiga baiskeli pampu ukashika chini ya pampu, umelihisi hilo kwa mkono wako. Kompresa inafanya kazi hiyo hiyo kwa nguvu nyingi zaidi, na mtungi uliojazwa haraka unaweza kufika nyuzi 50. Usiku unapoa, asubuhi uko nyuzi 27. Ukuta wa mtungi ni chuma au alumini, haunywei. Nafasi ni ile ile lita 12. Hewa ni ile ile. Joto limeshuka, basi presha nayo lazima ishuke.

Hesabu yake ni nyepesi, ila ina mlango mmoja ambao wengi huukosa. Huwezi kugawanya 27 kwa 50. Ile sifuri ya kipimajoto chetu ni mahali maji yanapoganda tu, si mahali joto linapoishia. Joto linaishia nyuzi 273 chini ya hapo, na hesabu ya gesi huanzia huko. Kwa hivyo nyuzi 50 ni 323, na nyuzi 27 ni 300, vipimo vya Kelvin. Chukua 200, zidisha kwa 300, gawa kwa 323. Unapata 186 kasoro kidogo. Huyo kiongozi wa wazamiaji hakupunjwa, na mimi sikumpunja. Tungekuwa na geji mbili, moja ya presha na moja ya joto, tusingegombana.

Dawa yake ni subira. Najaza polepole, joto lipate wakati wa kutoka. Halafu mitungi inakaa kivulini, na baada ya isha naizungukia tena kuongeza kilichopungua. Wako wanaopenda kuipitisha mpaka 220 ikiwa moto ili ikipoa ikae kwenye 200. Mimi siipendi njia hiyo. Presha ya kazi imegongwa begani mwa mtungi, na siku mtungi ule usipopoa, ukaachwa kwenye boti mchana wa Februari, utakwenda wapi? Mtungi wenye 200 kwa nyuzi 27, jua likiufikisha 60, unapanda hadi 222. Ule uliopitishwa unapanda zaidi ya hapo. Ndiyo maana nang'ang'ania turubai juu ya mitungi, na mabaharia wananiona mkorofi. Na iwe.

Kuna jambo jengine la kompresa ambalo nalipenda sana, kwa sababu ni la pwani hasa. Hewa ya Mombasa imejaa maji. Unayahisi kwenye shuka, kwenye chumvi inayoganda kichupani, kwenye mlango wa mbao unaokataa kufunga. Mtungi wa lita 12 kwa presha ya 200 unabeba karibu lita 2,400 za hewa ya nje. Katika siku yetu ya kawaida yenye joto na unyevu, hewa kiasi hicho ina zaidi ya gramu 50 za mvuke wa maji, kadiri ya kikombe cha kahawa chungu. Ukiibana hewa mara mia mbili, mvuke hauna tena nafasi ya kuelea, unageuka maji. Yasipotolewa yataingia mtungini na kuula chuma kwa ndani. Kwa hivyo kompresa ina vali za kutolea maji, na mimi nazifungua kila mara kazi ikiendelea, yanaruka na sauti kali. Yanayobaki hunaswa na chujio. Aliyezoea kufanya kazi hii bara kwenye hewa kavu, akija hapa hushangaa kuona vichujio vinachoka upesi namna gani.

Sasa twende chini ya maji, ambako joto halibadiliki sana lakini nafasi inabadilika mno.

Anga yote iliyo juu yetu, kutoka ufukweni hadi kule hewa inakoisha, inatusukuma kwa bar moja hivi. Ukishuka mita 10 tu kwenye maji ya chumvi, maji hayo mafupi yanakusukuma kwa bar nyengine. Mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3, mita 30 ni bar 4. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja, ifunge kizibo ufukweni, shuka nayo. Mita 10 imefinyika, hewa ndani imebaki nusu lita. Mita 30, ambako ndiko liliko bapa la mchanga lililobeba MV Dania, ile meli ya mifugo iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki, hewa ya chupa imebaki robo lita. Panda nayo, inarudi kama ilivyokuwa.

Presha mara mbili, nafasi nusu. Hilo Robert Boyle alilichapisha mwaka 1662 huko Uingereza. Alitumia bomba la kioo lililopindwa, upande mmoja limezibwa, akawa anamimina zebaki upande ulio wazi na kupima vile hewa iliyonaswa inavyojikunja. Robert Hooke, msaidizi wake, ndiye aliyekuwa na mikono ya kuunda vyombo, na Richard Towneley alikuwa ameshalinusa wazo hilo kabla. Mfaransa Edme Mariotte baadaye aliongeza sharti ambalo mimi nalishikilia sana: ni kweli, mradi joto lisibadilike. Mtungi wa 185 ni mtoto wa sharti hilo.

Kinachowapoteza watu ni kudhani kwamba hatari iko chini kabisa. Tazama ile chupa tena. Kutoka mita 30 hadi mita 20, hewa yake inatoka robo kwenda thuluthi. Kutoka mita 10 hadi juu, inatoka nusu kwenda lita nzima. Mita zile zile kumi, lakini za mwisho ndizo hewa inakotanuka mara mbili. Mtu akiona mwanga wa jua na tumbo la boti juu yake, anajiona ameshafika, na hapo ndipo panapotaka utulivu kuliko mahali pote.

Mtoto wa kaka yangu ameanza kujifunza kazi hii, na ana maswali mazuri. Siku moja akaniuliza, "Ami, mbona wavuvi wetu wanashuka bila mtungi, wanabana pumzi mpaka juu, na mapafu yao ni salama? Nasi tunakatazwa kubana pumzi hata kidogo?"

Swali hilo lilinifurahisha. Mvuvi alivuta pumzi yake juu, kwenye bar moja. Akishuka, hewa ile inafinywa. Akipanda, inatanuka ikarudi pale pale ilipoanzia. Haiwezi kuzidi, kwani hakuna iliyoongezwa. Mwenye mtungi habari yake ni nyengine. Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia anachokitia mdomoni, inampa hewa kwa presha ya maji yaliyomzunguka. Akiwa mita 10, pafu lililojaa lina hewa mara mbili ya ile ambayo pafu hilo lingebeba ufukweni. Akiibana akapanda nayo, hewa ile inadai nafasi mara mbili, na kifua hakina nafasi hiyo. Pafu hupasuka, hewa huingia kwenye damu. Inaweza kutokea hata kwenye maji mafupi kama ya bwawa la hoteli. Kwa hivyo sheria ya kwanza ya mwenye mtungi ni kupumua, usiache kupumua, na ukipanda, panda taratibu. Kijana alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe mtungi ndio unaoleta hatari." Nikamwambia ndiyo, na elimu ndiyo inayoiondoa.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza mbona mtungi unaoweza kumtosha mtu muda mrefu kwenye kina cha mita 10 unamwishia haraka kule kwenye Dania. Kila pumzi ya mita 30 inameza hewa mara nne ya pumzi ya juu. Mzamiaji anayepanga muda wake kwa kutazama geji peke yake, bila kuuliza yuko kina gani, amesoma nusu ya barua.

Haya si ya baharini pekee. Njia ya Mombasa kwenda Nairobi ni darasa zima la gesi, na kila anayeipita amelihudhuria, ajue asijue.

Unatoka asubuhi, umepima tairi likiwa limepoa, nyuzi 27, geji inasema 32 kwa psi, kipimo cha presha ya tairi. Kufika Mtito Andei lami imechemka na tairi limejikunja na kujikunjua maelfu ya mara. Limefika, tuseme, nyuzi 57. Unapima, unaona karibu 37. Pale kituoni hakosekani mtu wa kukwambia, "Mzee, tairi limezidi, punguza lisipasuke." Usimsikilize. Tairi halikuongezwa hewa. Aliyeandika 32 kwenye kibandiko cha mlango wa gari alijua litapata moto, ndiyo maana akasema lipimwe likiwa baridi. Ukilipunguza hadi 32 likiwa moto, likipoa hadi nyuzi 27 utakuta 28 hivi. Na tairi lenye hewa haba hujikunja zaidi, likijikunja zaidi hupata moto zaidi, na hapo ndipo linapopasuka kweli. Yaani umefuata kilekile ulichokuwa unakikimbia.

Ukitaka kuifanya hesabu hiyo mwenyewe, kumbuka geji ya tairi huanzia sifuri mahali ambapo anga tayari inasukuma. Inakwambia tofauti ya ndani na nje. Kwa hivyo kwanza ongeza ile ya anga, 14.7 hapa pwani. 32 inakuwa 46.7. Zidisha kwa joto jipya, gawa kwa la zamani, kisha uondoe 14.7 tena. Ukisahau hatua hiyo majibu hayatakuja sawa, na utadhani kanuni ndiyo mbovu.

Na hapa Nairobi inaleta jambo tamu. Jiji lile liko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na anga yake inasukuma kwa 12 tu badala ya 14.7. Tairi la Mombasa likipelekwa kule bila kubadilika joto, geji ingeonyesha karibu 35, kwa sababu nje kumelegea. Lakini asubuhi ya Julai kule ni nyuzi 15 au chini, na baridi inaishusha presha ya ndani. Mambo mawili yanavutana, na ukipima alfajiri utakuta karibu 33. Mwenye gari anasema, "Tairi langu zima, halikubadilika kitu." Limebadilika mara mbili, pande mbili tofauti.

Ambaye hana gari na alipime kwa kachiri. Pakiti ya kachiri za muhogo iliyozibwa hapa, ukiipeleka kwa ndugu zako Nairobi kwa treni, inafika imevimba kama inayotaka kupasuka. Ukirudi, nyonya maji ya chupa yako yaishe pale stesheni, funga kizibo kwa nguvu, weka chupa mkobani. Ukishuka Miritini itazame: imefinyika ubavuni, na haikuguswa na mtu. Hewa ya Nairobi imefika Mombasa ikakutana na anga nzito zaidi. Ukiifungua itavuta pumzi, utaisikia.

Habari ya joto na gesi ilichukua muda kupangwa na wataalamu. Guillaume Amontons aliona mapema kwamba hewa iliyofungiwa ikipata moto presha hupanda. Jacques Charles alifanya majaribio yake mwaka 1787 asiyachapishe. Gay-Lussac alipochapisha yake mwaka 1802 alimtaja Charles kwa heshima, na hilo limenipendeza siku zote. Mwaka 1834 Clapeyron aliziunganisha kanuni zote kuwa moja. Ni ile tunayoitumia mimi na wewe tukijua tusijue.

Nimeacha mtungi wa gesi ya kupikia mwisho, kwa sababu wenyewe haufuati hesabu hizi zote, na kwa kuwa ndio ulio karibu na watu wengi.

Shangazi yangu wa Majengo hupika mahamri na mbaazi za kuuza alfajiri. Alinijia akaniambia, "Mwanangu, wewe ni fundi wa mitungi. Nitilie geji kwenye huu wangu nijue gesi imebaki kiasi gani, isinikatikie mafuta yakiwa motoni." Ombi la haki kabisa. Lakini ilinibidi nimweleze kwamba geji hapa haimfai kitu.

Mtungi wangu umejaa hewa tupu. Wake una maji ya gesi, propeni na buteni zilizobanwa mpaka zikawa maji, na juu yake mvuke. Anapofungua jiko, mvuke unatoka, na maji kidogo yanachemka kuziba pengo. Maadamu kuna maji ya gesi chini, presha ya juu inashikwa na joto na mchanganyiko wa gesi yenyewe, haishikwi na kiasi kilichobaki. Mtungi mzima na mtungi wa robo, vikiwa kivuli kimoja, geji yake ingeonyesha karibu sawa. Ingeanza kuanguka maji yakiisha kabisa, na wakati huo mahamri yameshaharibika.

Akauliza basi mbona moto wake hudhoofika katikati ya kazi na mtungi unatoka jasho, kisha kesho yake unawaka vizuri. Kuchemka kunataka joto, na maji ya gesi yanalichukua kutoka kwenye mtungi wenyewe. Akiwasha majiko mawili makubwa kwa muda mrefu kwa mtungi wa kilo 6, mtungi unapoa kuliko unavyopata joto kutoka hewani. Ukipoa, presha inashuka, moto unadhoofika. Jasho lile ni unyevu wetu wa Mombasa unaogandama kwenye chuma baridi. Upumzike, ukae mahali penye hewa inayopita, au atumie mtungi mkubwa zaidi. Asiumwagie maji ya moto, wala asiusogeze karibu na jiko la makaa, hata jirani gani amwambie. Mtungi hujazwa ukaachiwa nafasi juu, kiasi cha sehemu moja katika tano, ili maji ya gesi yakipata joto yapate pa kutanukia. Nafasi ile ikijaa, hakuna mvuke tena wa kubanika, na maji hayabaniki.

Basi ajue vipi kilichobaki? Kwa kupima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chenyewe, karibu na vali. Tulitafuta mzani wa kuning'iniza, tukauvua mtungi kwenye mpira, tukaupandisha, tukatoa uzito wa chuma. Kilichobaki kilikuwa kilo moja na kidogo. Akapiga hesabu ya oda zake za Ijumaa, akamtuma mjukuu dukani kuleta mwengine siku hiyo hiyo.